Niliandika "Arudi Kesho"

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kushika kijiti. Tulikuwa tunagawa dawa za kichocho Kagerankanda, na kijiti hicho cha mbao, kirefu kunizidi, kilichorwa mistari. Mtu anasimama mbele yake, unaangalia kichwa kimefika mstari gani, unajua umpe vidonge vingapi. Maelekezo niliyakariri mpaka nikawa nayaota, maana niliogopa kumzidishia mtu dozi.

Siku ya mwisho, kama saa tisa alasiri, mama mmoja fundi cherehani alishushwa kwenye baiskeli ya kaka yake. Miguu yake ilipooza tangu utotoni. Alitambaa hadi mezani, ndala amezivaa mikononi. Shingoni alining'iniza futi ya kupimia nguo.

"Mwakeye, daktari," alinisalimu kwa Kiha. Sikuwa daktari, wala sikumsahihisha.

Nilikitazama kijiti, nikamtazama yeye, nikafungua tena karatasi ya maelekezo. Ilisema mtu asimame wima.

"Mshikeni mabegani, mpandisheni kama bendera!" mwanamume mmoja alipaza sauti kwenye foleni. Watu wakacheka.

"Shemeji, mimi sisimami hata kwa wimbo wa taifa," alimjibu, na kicheko kikamgeukia yule bwana. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nakojoa damu. Wenzangu bondeni wanapita tu. Mimi nalima mpunga nimekaa humohumo majini. Nipe dawa."

Vitatu? Vinne? Na akianguka hapa mbele za watu? Msimamizi wangu, muuguzi, alikuwa kijiji kingine na simu haikupata mtandao. Nikaandika kwenye daftari: arudi kesho. Nilijidanganya kwamba nitauliza, nitarudi. Jioni maboksi yalipakiwa kwenda Kasulu, nami nikapanda gari hilohilo.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu, nikitunga namna ya kulisema, ndipo nikamweleza muuguzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Si ungemlaza kwenye mkeka, ukakilaza na kijiti pembeni yake?"

Basi. Hilo tu.

Tulikwenda kwake pamoja, na vidonge. Tulimkuta barazani, anazungusha cherehani yake ya mkono. Hakunilaumu. Alijilaza mwenyewe kwenye mkeka, akavua futi shingoni, akaninyooshea.

"Siku ile ulikuwa unaiangalia," alisema.

Nilimpima. Alikula kipande cha muhogo, akameza dawa.

"Na yule mwenzangu je?" akauliza. "Wa ng'ambo ya bonde. Naye hatembei. Siku ile alikuwa anangoja baiskeli imrudie baada yangu. Aliposikia nimerudishwa, alisema hizo ni dawa za wanaosimama, hakuja."

"Anakaa wapi?"

"Alishahama. Yuko Kibondo, kwa dada yake. Kibondo sehemu gani, sijui."

Sasa kila kampeni tunabeba mkeka, na watu husema ni wazo zuri. Nimekwenda Kibondo mara mbili, nikaulizia sokoni na kwenye zahanati, mwanamke asiyetembea aliyetoka Kagerankanda. Mara ya pili mwuza dagaa aliniuliza, "Unamdai?"

Nikamwambia hapana, yeye ndiye anayenidai.