Upande Mnene wa Kamba

Yule mzee mwenye uzio hakunipenda, nami sikumpenda, na kwa jambo hilo moja hatukuwahi kupunguziana bei.

Uzio wenyewe ulikuwa wa fito, umekatiza mto Kuja kutoka ukingo hadi ukingo, ule ambao Wajaluo huuita kek. Katikati aliacha mlango mmoja, na mlangoni akatega mgono, kikapu kirefu ambacho samaki akiingia hageuki. Juu ya uzio maji yalijikusanya kwenye kidimbwi kirefu, na mvua za Aprili zikishuka kutoka Kisii, fwani walilala chini pale, samaki wa nguvu na wa kiburi.

Mimi nilikuwa nauza mitumba Migori. Siku sita za wiki watu walishika mashati yangu, wakayanusa, wakayadharau, kisha wakataka niwapunguzie. Jumapili nilitaka kusimama mahali ambapo hakuna wa kuniuliza bei ya mwisho. Kote kwingine mtoni kulikuwa mafunjo na miiba. Pa kuvulia palibaki mahali pamoja tu, napo palikuwa pa adui.

Fimbo ya kuvulia niliipata Homa Bay, kwa injinia Mzungu wa mambo ya maji aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao. Ilikuwa ya kushikwa kwa mikono miwili, ndefu kuliko mlango wangu mara mbili, na mashine ya kukunjia kamba kwenye mpini, na kamba yake nene aliiita spei. Kwao huvulia samoni. Yeye alitaka kunifundisha, mimi nilitaka anipunguzie. Tukamalizana kwa redio yangu ya kaseti na jogoo wawili, naye akaongeza kipochi chenye lida nne. Lida ni kipande cha futi kumi kinachofungwa mbele ya ile kamba nene. Huanza kinene, kikaisha chembamba kama mkia wa panya, na hizi zake zilikuwa za kuzama, kila moja kwa mwendo wake. Ipi inazama upesi na ipi inajikokota, sikujua. Karatasi za maelezo zilikuwa zimeliwa na mende.

Basi nikaenda kwenye josho la ng'ombe lililoachwa, limejaa maji ya mvua kunipita kichwa. Nikazidondosha moja moja nikihesabu. Ya kijani ilifika chini nikiwa hamsini na tatu. Ya kijivu, ishirini na saba. Ya kahawia, kumi na sita. Nyeusi, kumi na moja. Nikarudia zote, maana hesabu ya mara moja ni maoni tu.

Halafu mtoni, ambako kidimbwi kilikuwa na kina kama cha josho. Nikatupa kijiti kwenye maji mbele ya jiwe nililosimamia, nikahesabu hadi kilipogusa uzio: ishirini. Nikatupa kingine: ishirini. Ya kijani na ya kijivu zingefika kwenye fito kabla ya kufika kwa samaki. Nyeusi ingelala chini mapema ikumbatie mizizi. Ya kahawia ingeshuka hadi kwa fwani na kuniachia hesabu nne za kuinua. Nikachagua ya kahawia, nikajipongeza mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kufanya hivyo.

Jumapili tatu sikupata kitu. Kamba nene ilitoka vizuri, lakini ikifika kwenye lida yote inaanguka rundo, kama utumbo uliomwagwa buchani. Ndoano yangu, niliyoivisha manyoya ya kuku, ilinirudia sikioni mara mbili. Wanawake waliokuwa wakifua upande wa pili waliacha kufua.

"Wewe jadak," mzee aliniita, yaani mtu wa kuja asiye na ardhi, "unavua ama unafukuza nzi?"

"Jaduong', mzee wangu, mto ni wa Mungu."

"Mto ni wa Mungu. Fito nimekata mimi."

Jumapili ya nne alinisubiri kwenye jiwe langu.

"Leo tumalize," akasema. "Toa fwani mmoja kabla hawa mama hawajaanua nguo. Ukimtoa, Jumapili zote ni zako. Usipomtoa, nisikuone hapa tena. Na ufito mmoja ukivunjika, hiyo fimbo inabaki kwangu, nitaanikia nguo."

"Na nikivunja nusu ya ufito?"

"Nitachukua nusu ya fimbo. Ile yenye mashine."

Hatukupeana mikono. Wanawake walitosha kuwa mashahidi.

Nikarusha. Rundo. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akatema mate.

"Kwenu hamchungi ng'ombe? Kiboko unene wake uko wapi, mkononi ama kwa ncha? Wewe umeshika ncha ukampiga ng'ombe na mpini!"

Nikaitazama lida. Kitanzi chake kilikuwa upande mnene, nami nilikuwa nimekifanya cha ndoano. Kwetu ziwani, tangu utotoni, uzito huenda mwisho: jiwe, nati, kipande cha betri, karibu na chambo. Ningewezaje kujua kwamba Mzungu huweka uzito mkononi?

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Lakini ulikuwa unatuchangamsha."

Alinipa siri hiyo kama tusi, mimi nikaichukua kama bidhaa, bila asante. Nikageuza lida, upande mnene nikaupachika kwenye kamba, ndoano nikaifunga kwenye ncha. Nikarusha tena. Safari hii kamba ilijikunjua yote, ikanyooka juu ya maji, na manyoya yakatua mbali bila kelele. Nikahesabu. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane, na fimbo ikainama hadi majini.

Fwani hakupanda mto. Alishuka, moja kwa moja kuelekea uzio, na mashine ikalia mikononi mwangu.

"Fito!" mzee akapiga kelele. "Fito zangu!"

Nikimwachia, atazungusha kamba kwenye fito azing'oe. Nikimshika, huenda ikakatika. Nikamshika. Ikakatika pale penye wembamba, na fimbo ikanyooka tupu.

Kisha mgono ukaanza kutikisika.

Mzee akaingia majini na nguo zake, akauinua. Fwani wa urefu wa mkono alikuwa ndani, na manyoya yangu ya kuku mdomoni.

"Huyo ni wangu," nikasema. "Ndoano ni yangu."

"Yuko kwa mgono wa nani?"

"Nani alimkimbiza huko?"

"Yawa! Basi mbwa akikimbiza sungura hadi jikoni kwangu, nyama ni ya mbwa?"

Nikamgeukia mkubwa wa wale wanawake, aliyekuwa akianua shuka. "Mama, sema ukweli."

Alikunja shuka hadi mwisho kabla ya kujibu. "Ndoano ni yako, baba. Lakini mlisema kutoa. Aliyemtoa ni nani?"

Mimi, mwenye kubishana bei mwaka mzima, nilikuwa nimekubali mkataba bila kuukagua.

Mzee bado hakutosheka. Akatembea kando ya uzio akitafuta ufito uliovunjika, apate na fimbo. Nikaingia majini nikazihesabu mbele yake, zote nzima. Akarudi kuzihesabu mwenyewe, nami nikazihesabu tena nyuma yake.

"Toa takataka yako kwenye samaki wangu," akasema.

Mdomo wa fwani ni mgumu. Mzee alinishikia kichwa cha samaki kwa mikono miwili huku mimi nikipindua ndoano, na kwa muda huo hatukutukanana. Ikatoka.

"Sasa nenda."

Nikaenda.