Kidole Gumba cha Zamfira

Zamfira Caraman amepiga magoti kwenye roshani ya mteja, ghorofa ya tatu mjini Tulcea, mlango wa wavu umelazwa mbele yake juu ya blanketi kuukuu. Ni saa mbili asubuhi, mwisho wa Mei. Maji ya mto Danube yameanza kushuka, na kila mtu hapa anajua kwamba baada ya wiki moja mbu watajaa.

Kwa chuma chenye ncha iliyopinda anang'oa kamba ya mpira iliyobana wavu kwenye mfereji wa fremu. Imekauka, inakatika vipande vipande. Kisha anachukua kamba mbili mpya za unene tofauti na kumpa mumewe, Ilarion.

"Shika, mzee. Niambie."

Ilarion, fundi wa meli mstaafu, analaza wavu mpya juu ya mfereji na kuibonyeza kamba ya kwanza kwa kidole gumba. "Hii inaingia tu, haina hata haya." Anajaribu ya pili. "Hii inakataa kidogo, halafu inakubali. Kama wewe nilipokuposa."

"Mimi nilikataa sana, usijidanganye. Tia hiyo."

Kwa miaka ishirini na sita ya kufunga nyavu za mbu, hadi mwaka jana, Zamfira, 59, hakuwahi kuomba kidole cha mtu. "Unene wa kamba ndiyo kazi yenyewe," anasema. "Ikiwa nyembamba, upepo unaitoa. Ikiwa nene ukailazimisha, fremu inapinda katikati na mbu anapita pembeni anakucheka."

Dukani kamba huuzwa kwa namba. Zamfira hazidharau namba, ila hazimtoshi. "Kipimo kinaijua kamba. Hakiujui mfereji uliopigwa jua miaka ishirini."

Mwaka juzi kidole gumba chake cha kulia kilianza kufa ganzi. Daktari alisema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Zamfira hakumwambia mtu, hata Ilarion. Kila dirisha humpa lei arobaini, pesa za hapa, na pensheni ya mume haifiki mwisho wa mwezi. "Ningesema, ningebaki na nini?"

Kiangazi kilichopita, katika nyumba hii hii, alifunga wavu wa chumba cha mtoto. Kamba ilikuwa nyembamba kidogo tu, kiasi ambacho kidole chenye uhai kingekijua. Siku ya pili pembe moja ilifunguka. Toma, wakati huo wa miezi mitano, aliamka uso umevimba kwa kuumwa na mbu, jicho moja limefumba.

Zamfira alirudi siku ile ile, akafunga upya bila malipo, na kumwambia mama wa mtoto, Ruxandra Neculau, kwamba mpira ulikuwa mbovu. Alipofika nyumbani alilia, akamweleza mumewe ukweli. Ilarion aliweka mkono mezani. "Tumia changu. Meli hazikitaki tena."

Mwezi huu Ruxandra akapiga simu: anataka mlango wa roshani. "Nilidhani ananiita anisute," anasema Zamfira.

Sasa anapitisha kigurudumu juu ya kamba kuizamisha mferejini, upande mrefu kwanza, taratibu. Hauvuti wavu, ameulaza tu, kamba yenyewe itaukaza. Ruxandra anatokea na kahawa na sahani ya cheri, Toma ameshika sketi yake. Zamfira anaweka kigurudumu chini.

"Mwanangu, mwaka jana mpira haukuwa na kosa. Kidole changu hakisikii kitu. Nilikosea mimi, halafu nikakudanganya."

"Najua, shangazi. Ile kamba uliiacha kwenye pipa. Nzima kabisa."

"Na bado ukaniita?"

"Nilikasirika, na leo bado nina hasira. Lakini ulirudi siku ile ile. Fundi wa bomba namsubiri tangu Pasaka."

Ilarion anaangua kicheko. Zamfira hacheki. Anafuta macho kwa kiwiko na kumaliza upande wa nne.

Mlango unapotundikwa, Toma anauendea moja kwa moja, anauegemea kwa viganja vyote viwili na paji la uso, anasukuma kwa uzito wake wote. Hakuna anayemzuia. Wavu unabonyea kidogo, unamrudisha.

Msimu ukiisha, Zamfira atapasuliwa mkono. Daktari hajaahidi kitu. "Kidole kikiamka, nitashukuru. Kisipoamka, nitafunga na huyu mzee, na kila mteja nitamwambia mapema."

Ilarion amekwisha kufunga sanduku la vifaa. Mkewe analifungua tena.

"Tunakwenda wapi?"

"Chumbani kwa mtoto. Lile dirisha nililirudia kwa kidole hiki hiki."

Ilarion anabonyeza kamba kuzunguka fremu yote, pembe kwa pembe. "Imeshika," anasema.

"Rudia," anasema Zamfira.