Mama Mkwe Alipokuja Kusukwa

Usiku ule nilichelewa kupata usingizi. Jioni yake binti yangu Neema, wa darasa la tano, alikuwa ameniambia, wala hakuwa na ubaya: "Mama, kesho kwenye kikao cha wazazi aende baba tu. Wewe utasema 'kurara' halafu wenzangu watacheka." Shule yao ni ya Kiingereza. Mimi ni msusi, niliishia la saba.

Mara nikamwona mama mkwe anaingia saluni. Tulimzika mwaka juzi. Alikuwa mwalimu maisha yake yote, akinisahihisha kila neno, hata siku zile za uzazi wangu alipokuwa akinichemshia maji na kunikanda kwa mikono yake mwenyewe. Nilimpenda, na nilimwogopa.

Anavua kilemba, anakaa mkekani kati ya magoti yangu. Alipokuwa hai hakuwahi kunipa kichwa chake.

"Nisuke twende kilioni," anasema.

"Kilio cha nani tena, mama?"

"Changu si kilishakwisha? Wewe suka." Anacheka mpaka mabega yanatikisika.

Nywele zake nyeupe, laini. Nasuka. Nikiinua macho, saluni imekuwa darasa. Wazazi wamekalia viti vidogo vya watoto, wanaongea Kiingereza, wananitazama. Nataka kukimbia. Lakini mama ameniegemea, mzito kama mtoto aliyesinzia, siwezi kuinuka.

"Yale maneno ya Neema ni yangu," anasema bila kugeuka. "Aliyaokota kwangu. Mimi chuoni walinicheka nilivyotamka. Nikajifunza kuwahi kuwacheka wengine."

Vidole vyangu vinasimama. Sikuwahi kujua.

"Mtoto asiurithi mzigo huo, mwanangu. Nenda. Na usikae nyuma."

Nilipofumbua mdomo kumjibu, nikafumbua na macho. Kumekucha. Mume wangu alikuwa anapiga pasi shati lake, Neema anafunga viatu.

"Tunaenda wote," nikasema. "Bibi yako kanijia. Kasema nisikae nyuma."

Mume wangu akaiweka pasi pembeni, akanitazama. Neema akaja akanishika mkono.

"Basi mwalimu akiuliza habari zangu ujibu wewe, mama," akasema. "Baba huwa hazijui."