Frite za Mama Mkwe

Mimi sina ugomvi na Ubelgiji wala na Ufaransa. Wakae huko na baridi yao, wale wanachokula, sijali. Lakini ule msimu wa mvua nchi hizo mbili ziliingia katika palseli yangu, kiwanja cha nyumba yangu hapa Kamina, zikapigania sufuria yangu ya mafuta, na aliyeumia ni mama mkwe wangu. Mpaka leo mtu akinitajia frite, yaani viazi vya kukaranga, ninahisi moto kifuani.

Mama mkwe alitoka Kabongo juu ya lori la mahindi, amelazwa katikati ya magunia, tumbo limemsumbua tangu kiangazi. Mke wangu ni muuguzi, akampeleka kwa daktari. Daktari alisema apasuliwe, lakini si vile alivyo, ngozi na mifupa. "Ale kwanza," akasema. "Akipata nguvu tutampasua. Asipokula, sisi hatuna la kufanya." Basi nyumbani kwetu ikabaki kazi moja tu: mama ale.

Tulimweka katika chumba cha nyuma, chenye mlango wake unaotazama uani, kwa sababu ya buko. Buko kwa Baluba ni ukwe, na mkwe mwenyewe pia huitwa buko, na ukwe wenyewe si mchezo. Mimi si Muluba. Baba yangu alikuwa askari kutoka Kivu, huko milimani kwenye viazi, akaletwa Base, kambi ya jeshi ya hapa Kamina, na mimi nimezaliwa hapo Base kati ya watoto wa kila jimbo. Nilipooa ndipo nikafundishwa. Mama mkwe humwangalii usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani. Huingii anapolala, humwiti kwa sauti, na juu ya yote, yeye hali kitu kilichotoka mkononi mwako mpaka wazee wa ukoo wake wapokee kuku na kitenge chako na kufungua njia. Mimi kuku wangu sikuwa nimemtoa. Si kwa ubahili! Mwenye kumpokea ni mjomba wa mke wangu, yuko Kabongo, na kila mwaka tulisema kiangazi kijacho, kiangazi kijacho.

Mama akakataa bukari, ugali wetu. Akakataa uji. Tukamtafutia samaki wabichi wa ziwa Kisale, wakamchefua. Mke wangu alikuwa anarudi kazini, anaingia na sahani, anatoka na sahani ileile, anakaa kwenye ngazi bila kuvua viatu.

Mimi nashinda nyumbani. Nina kibanda getini ambapo ninachaji simu za watu kwa sola. Siku moja nilikuwa ninawakarangia watoto viazi, viazi vya kizungu, kwa sababu binamu yangu alikuwa ameniletea gunia kwa treni kutoka Lubumbashi. Kukaranga viazi ninajua. Mama yangu mzazi alinifundisha, na kwetu mwanamume kukaranga viazi si aibu, ingawa hapa jirani wananicheka mpaka wanashika mbavu. Mke wangu akatoka chumba cha nyuma anakimbia.

"Baba batoto," akaninong'oneza, "mama anauliza, ni nini inanukia vile?"

Kumbe mama alipokuwa msichana alionja frite mara moja, stesheni, mkono wa baba yake aliyefanya kazi ya reli. Hakusahau.

"Utamuambia nani anakaranga?" nikauliza.

Akanitazama. Halafu akachukua sahani, akaingia, nikamsikia akisema bila kigugumizi, "Ni jirani, mama. Ule mama wa Kinshasa."

Akala. Yo! Akala sahani nzima, akaomba maji, akalala. Mke wangu alilia jikoni kwa furaha na mimi nikajifanya moshi umeniingia machoni. Kuanzia hapo nikawa ninakaranga kila mchana, na mke wangu au binti yetu mkubwa anapeleka, na mama anasema kupitia ukutani, kwa Kiluba, "Wafwako, mama wa Kinshasa," yaani asante. Jirani huyo wa Kinshasa, mke wa sajini, mwanamke wa maneno mengi, alikuwa anaitikia kutoka kwake kwa Lingala na kunikonyeza juu ya uzio. Mashavu ya mama yakaanza kurudi, hivyo nilivyoambiwa. Daktari akasema akiendelea hivi, tutampasua.

Ndipo Jumapili wakapiga simu.

Mke wangu ana dada yake Ubelgiji na mdogo wao wa kiume Ufaransa. Wanampenda mama yao, hilo sikatai. Wanatuma dawa, wanalia kwenye simu. Lakini hao wawili wakikutana hawaongei dakika moja bila nchi zao kuingilia, utafikiri walizaliwa huko kwenye barafu. Mke wangu akaiweka simu juu ya meza ya mama, sauti kubwa, ili wote wasikie. Mimi nilikuwa uani na sufuria, mgongo kwenye ukuta wa chumba.

"Mama, unakula nini?" dada akauliza.

"Frite," mama akasema, kwa sauti yenye nguvu kweli.

Wee! Dada akapiga kelele za furaha. "Frite! Kintu ya kwetu huku Belejike! Banakaranga mara ngapi? Mara mbili? Lazima mara mbili, mbele moto kidogo, nyuma moto mukali!"

"Ya kwenu wapi?" yule wa Ufaransa akadakia. "Frite iko ya Franse. Jina yenyewe ni ya Franse. Ninyi munakata kubwa-kubwa sawa kuni!"

"Na ninyi munakata sawa nyuzi, halafu munakula na uma! Frite na uma, haya hamuna?"

"Ninyi mayoneze juu ya kila kintu, hata juu ya chai!"

Nilicheka peke yangu pale kwenye moshi. Hata mama nilimsikia anacheka. Ilikuwa vizuri mpaka hapo. Halafu dada, aliyejua kwamba nyumbani kwetu viazi ni kazi yangu, akataka shahidi.

"Tuulize mwenye anapika! Shemeki! Shemeki iko wapi? Weye njo unamukarangiaka mama, sema, mara ngapi?"

Mimi niliinama juu ya sufuria. Mke wangu aliishika simu, nilisikia inaanguka, anaitafuta, na huku yule dada anaendelea, "Shemeki! Ya Kivu ile, anajua viazi, anipe jibu!" Halafu simu ikazimwa. Nikasikia sahani inawekwa chini, taratibu, kwenye sakafu.

Mama hakugomba. Heri angegomba. Alimwambia mke wangu kwa sauti ndogo, "Miye nilikula kintu ya mukono ya buko yangu. Siku zote hizi. Mwanangu, umenivalisha haya." Akageukia ukuta. Chakula cha jioni hakugusa, wala cha kesho yake.

Nilikaa kwenye kibanda changu, watu wanakuja kuchukua simu zao, ninawapa ambazo si zao. Nilitaka kwenda kumwambia, mama, samehe, ule tu, dhambi yote iwe yangu. Lakini ningeendaje? Kuingia chumbani kwake kungekuwa kosa juu ya kosa. Hata kumpigia magoti kupitia dirisha ni kumwona. Mkwe wa namna hii ana mikono, ana miguu, na hana pa kuvipeleka.

Tulimpigia mjomba Kabongo. Tukamwambia, tunaomba ufungue njia kwa simu, kuku yuko, kitenge kipo, mama anaisha. Akasema buko haifunguliwi kwa telefone, kuku apite mkono kwa mkono. Akasema anakuja. Barabara ya Kabongo wakati wa mvua, Vidye, yaani Mungu, peke yake ndiye anaijua. Tulisikia amepata pikipiki, halafu pikipiki imezama matopeni, halafu mtandao ukakatika na hatukusikia tena.

Na wale wa Bulaya? Tuliwaeleza. Wakasema mambo ya buko ni ya zamani, mama hali kwa sababu frite zimekarangwa vibaya! Nakuapia, ndivyo walivyosema. Dada akatuma sauti ndefu kuhusu moto wa kwanza na moto wa pili. Mdogo wake akatuma picha ya viazi vyembamba kwenye sahani nyeupe. Mke wangu, maskini, alikuwa amefika mahali pa kushika chochote. Akamwomba yule mama wa Kinshasa akarange kweli safari hii, kwa mkono wake, mbele ya mlango wa chumba, mama aone kwa macho.

Akakaranga mara mbili, kama Ubelgiji. Mama akaonja moja, akasema, "Haziko zile." Akakaranga nyembamba, kama Ufaransa. Mama hakuonja. Yule mama wa Kinshasa mwenyewe akasema wote hao wanadanganyana, frite bila makemba pembeni na pilipili si frite, akaenda kuleta ndizi zake. Akaja mke wa mfanyabiashara mmoja wa Maniema, muuza mafuta ya kula, mwanamke mpole aliyekaa Kigoma miaka mingi. Akasema Tanzania wanamwagia mayai, mgonjwa anapata nguvu. Akavunja mayai. Wake wa askari wakasikia kuna shindano, wakaja, wa Kasai, wa Équateur, kila mmoja na kisu chake. Uani kwangu pakawa kama sikukuu. Wanabishana, wanaonjeshana, watoto wanakula mpaka wanashika matumbo, na chumba cha nyuma mtu mmoja anakauka.

Nikapandisha hasira. "Munakaranga kwa ajili ya nani?" nikapiga kelele. "Mwenye anapashwa kula hakuli!"

"Weye buko nyamaza," wakaniambia. "Sauti yako inamufikia."

Nikarudi kwenye kibanda changu. Nilikuwa na nini kingine cha kufanya?

Mjomba akafika asubuhi ya mvua, kwa miguu, matope mpaka kiunoni, viatu ameviweka begani. Hakutaka hata kuketi. Nikamletea kuku na kitenge, nikapiga magoti uani penye maji. Alizungumza na ukoo wake, waliokufa na walio hai, akamwita mama kupitia mlango, akampitishia kuku kwa mikono miwili. Nikasikia kuku anapiga mabawa chumbani. Halafu sauti ya mama, imekuwa nyembamba.

"Basi," akasema. "Buko yangu akarange yeye mwenyewe. Ninasikia njaa."

Jamani, moyo uliruka! Nilikimbia jikoni kwa mtelezo. Nikawasha moto, nikamwaga mafuta, nikaingiza mkono kwenye gunia. Nikapapasa. Nikaligeuza juu chini. Likatoka vumbi na kiazi kimoja kimeoza, kinanuka. Shindano la mataifa lilikuwa limekwisha, na viazi navyo.

Nilikwenda sokoni mbio. Viazi vitamu, tele. Mihogo, tele. Viazi vya kizungu hakuna, treni ya Lubumbashi ilikuwa imekwama njiani kwa mvua, mama mmoja akaniambia nirudi juma lijalo. Juma lijalo! Nikaenda stesheni, nikaenda kwenye maduka, nikaenda mpaka njia ya Base kwa wauza frite, nao wenyewe walikuwa wamekaa na sufuria tupu. Simu mfukoni inalia, ni Ubelgiji, ni Ufaransa, sikushika. Nilikuwa ninakimbia na kusema peke yangu kama kichaa, watu wananipisha. Mwishoni nikapita kwa yule mfanyabiashara wa Maniema. Akasikiliza, hakuniuliza zaidi, akaingia jikoni kwake akatoka na viazi vichache ndani ya mfuko, vya chakula cha watoto wake. "Chukua, ndugu yangu, kimbia," akasema.

Nilisikia kilio kabla sijafika getini.

Moto niliouwasha ulikuwa bado unawaka, mke wa sajini ameyatoa mafuta yasiungue. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha nyuma. Nilisimama mbali, kwa mazoea, nikaangalia chini.

"Ingia," akaniambia. "Njia imefunguliwa."

Nikaingia. Kuku alikuwa chini ya kitanda, miguu imefungwa, hai. Mke wangu ameketi na kichwa cha mama yake mapajani. Nilikuwa nimemwoa binti wa mwanamke huyu miaka yote hii, ninajua kikohozi chake, ninajua hatua zake, na uso wake nilikuwa sijawahi kuuangalia. Nikauangalia. Alikuwa na pua ya mke wangu, na kovu dogo kwenye nyusi ambalo hakuna aliyewahi kuniambia habari zake. Nililia kwa uchungu, na kwa hasira pia, sifichi.

Simu ikalia tena juu ya meza. Mke wangu akaishika. Walikuwa wote wawili, walikuwa wameshaambiwa, wanalia kila mmoja kwa upande wake, hakuna anayemkatiza mwingine.

"Yaya," yule wa Ufaransa akamwuliza mke wangu, dada yake, "lakini alikula? Nonko, mujomba wa Kabongo, alifika, shemeki akamukarangia? Alikula mbele ya kuenda?"

Mke wangu akaniangalia pale niliposimama.

"Alikula," akawaambia. "Sahani muzima. Akasema wafwako."

Wakashukuru Mungu, huko Ubelgiji na huko Ufaransa. Mimi nilikuwa bado nimesimama, mfuko wa viazi mkononi, vibichi, na udongo wake.