Saa ya Jeshi Mkononi mwa Mwalimu

Saa ile niliichukia tangu siku ya kwanza, na sioni haya kusema. Yaya wa mume wangu, yaani kaka yake mkubwa, alikuwa mwanajeshi wa Zaïre. Saa alipewa na serikali pamoja na buti na mkanda, na alipostaafu, badala ya kumletea mdogo wake mbuzi kama watu wengine, akamletea hiyo. Uso wake mweusi. Tarakimu zimepangwa mizunguko miwili, wa ndani unafika hadi ishirini na nne, maana jeshini, mume wangu alinieleza kana kwamba nilimwuliza, hakuna kuchanganya asubuhi na jioni. Gizani mishale inang'aa kijani. Ukivuta kile kitufe cha pembeni, mshale wa sekunde unasimama, ili kikosi kizima kilinganishe saa zao pamoja. Mkanda ni wa kitambaa, na vile vyuma vinavyoushika vimechomelewa, havichomoki hata ukianguka mtoni. Na mgongoni imepigwa namba ya jeshi. Namba hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Kamina. Shule nzima ilikwenda kwa saa yake, maana yeye ndiye aliyegonga kile kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni. Hodari wa dakika, lakini mengine yote, loo! Kulima hajui, na kuku akimchinja anafumba macho.

Vita ilipotufikia, jeshi la zamani lilikimbia. Wengine walitupa sare majanini wakavaa nguo za kiraia, na wapiganaji waliotoka mashariki wakawa wanawasaka. Walikagua mabega ya wanaume kutafuta alama ya bunduki, na miguu kutafuta alama ya buti. Waliokamatwa hatukuwaona tena.

"Baba, zika hiyo saa," nikamwambia mume wangu.

"Mama, na shule itafunguka na saa gani? Tufuate jogoo ya jirani?"

Kichwa kigumu! Nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akacheka.

Asubuhi shule ilipofunguliwa tena, tulitoka pamoja, yeye anakwenda kufundisha, mimi sokoni na beseni langu la unga wa muhogo. Karibu na njia ya treni wapiganaji wakatusimamisha. Mkubwa wao akamshika mkono, akaivua saa, akaigeuza, akasoma namba.

"Hii ni saa ya jeshi. Na wewe ni askari umevaa shati la raia."

"Hapana, chef. Miye iko mwalimu. Ni saa ya yaya yangu."

"Wote tunaowakamata wanasema ni walimu."

Beseni likaniponyoka. Nikapiga kelele: "Askari gani huyu? Anaogopa hata bata!" Wakaniambia ninyamaze. Mkubwa akampa fimbo aiweke begani kama bunduki, kisha akatoa amri kwa Kifaransa, kama walivyoamriana wale wa zamani: "Garde-à-vous! En avant, marche!"

Mume wangu akaenda. Mungu wangu, alivyokwenda! Sisi Wametodisti, korali yetu haiingii kanisani kwa kutembea tu. Ni hatua mbili mbele, moja kando, magoti yanalegea kidogo na mabega yanafuata. Mume wangu alikuwa ameimba besi miaka mingi, na mwendo wa kufuata amri aliujua huo mmoja tu. Basi akaenda hivyo hivyo kando ya reli, fimbo begani, uso ameukaza, anayumba kulia, anayumba kushoto.

"Anajifanya," mmoja wao akasema.

Mkubwa akaamuru tena: "Demi-tour!" Mume wangu akageuka kwa hatua tatu ndogo, akainamisha kichwa kama wanavyofanya mbele ya madhabahu, akarudi anayumba vilevile. Yule aliyesema anajifanya ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata mwingine. Mwishowe mkubwa mwenyewe akawa anafuta machozi.

"Nenda, mwalimu. Kama jeshi lao lingekuwa na watu kama wewe, tungefika hapa mwaka jana."

Saa akaifunga mkononi mwake mwenyewe.

Unga sikuuokota. Nilimshika mume wangu mkono tukarudi nyumbani mbiombio, ninacheka, ninalia, kamasi zinatoka, ninamshukuru Mungu kwa sauti mbele ya watu wote wa barabarani. Raha kama ile sijaipata tena. Saa yao waende nayo, nilisema, waivae mpaka ioze! Na mume wangu nikamsifu, mimi nisiyemsifu ovyo.

"Kumbe weye iko na akili hivi, Baba! Kuwachezea mwendo wa korali mbele ya bunduki!"

Akasimama.

"Kucheza namna gani, Mama?" akasema. "Niliwaza nikikosea bataniua. Nilijikaza nitembee sawa askari, na nguvu yangu yote."