Ndevu za Sufi

Vumbi likiungua juu ya kioo cha moto lina harufu yake. Si ya moshi, si ya nywele. Iko katikati, kavu, na hukaa kooni. Mwaka jana vijana wa parokia yetu hapa Ifakara walifunga projekta kwenye nguzo ya kanisa ili maneno ya nyimbo yaonekane ukutani. Mashine ilikuwa imekaa stoo muda mrefu, na walipoiwasha harufu ile ikashuka hadi kwenye benchi letu la wazee. Wenzangu walikohoa. Mimi nilishika ukingo wa benchi, maana nilikuwa nimerudi kwenye ghala la mpunga la misheni, nina miaka tisa, na mjomba wangu amening'inia kwenye shuka.

Nitawaeleza kwa mpangilio, kwa sababu wengi wameisimulia habari hii kuanzia mwisho.

Miaka ile ya hamsini, Padri wetu alikuwa na taa ya picha. Lilikuwa sanduku la bati lenye karabai ndani na jicho la kioo mbele. Unaingiza kipande cha kioo chenye picha, na picha inatokea kubwa kwenye shuka. Ghala lilitiwa giza mchana kweupe kwa kuziba madirisha na magunia. Mwanzoni alituonyesha picha zilizotoka kwao. Tulizipenda, ila wazee waliuliza kama mitume wote walikuwa ndugu zake, maana walifanana naye pua. Padri alicheka, lakini hakulisahau swali lile. Kwaresima ilipokaribia alitangaza kwamba safari hii tutaona Mateso ya Bwana kwa sura zetu wenyewe. Ilikuwa fikra nzuri. Mpaka leo nasema ilikuwa fikra nzuri.

Jumapili moja baada ya misa alituweka uani, akachagua watu. Kijana wa seminari aliyekuwa likizo akawa Yesu. Kisha Padri akamwendea baba yangu, Mpogoro aliyeshuka kutoka Mahenge kufuata mpunga, mtu wa kuheshimika, mwenye kipara.

"Wewe utakuwa Yuda," akamwambia.

"Baba Padri, mimi nina watoto," baba akajibu.

Watu wakacheka, Padri naye akacheka, akampa Petro kwa ajili ya kipara chake. Akageuka akauliza nani basi atakuwa Yuda. Hakuna aliyejibu. Wanaume walitazama vidole vya miguu yao. Padri alikuwa amesimama juani bila kofia, shingo yake imeiva kama nyanya.

Mjomba Severini ndiye aliyeinua mkono. Alikuwa kaka wa mama yangu, Mndamba wa mtoni, mpiga pondo hodari kuliko wote waliovusha watu na mizigo kwenye mto wetu. Hakuweza kuvumilia kuona mgeni ameuliza na hajajibiwa.

"Haya, Baba Padri, nipe mimi. Jua linatuchoma wote."

Wakampigia makofi. Baba alimpiga begani, akasema, "Shemeji, umetuokoa."

Picha zilipigwa palepale uani, na mimi niliziona zote zikipigwa. Ndevu za mitume zilitengenezwa kwa sufi ya miti ya misheni, ikapakwa masizi na kubandikwa kwa wali uliopondwa. Sufi inawasha. Padri alitaka watu watulie kama mawe hadi aseme basi, na wakati Yuda anambusu Bwana, nyuzi za sufi zilimwingia mjomba puani. Alibana midomo asipige chafya wala kucheka, na pembe moja ya mdomo ikapanda juu. Ndivyo ilivyobaki kwenye kioo. Kwa picha ya mwisho alijifungia kamba mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyejua mafundo kuliko yeye, akasimama juu ya kinu cha jikoni kwa masista. Padri alisogeza kamera yake mpaka kinu kikatoka kwenye picha.

Kisha sista mmoja alizipaka rangi kwa brashi nyembamba. Yuda alimvika njano, kama alivyovikwa kwenye picha za kwao. Nguo ya mjomba ilikuwa shuka jeupe la wodini, nililishika kwa mkono wangu. Lakini bonde zima lilimjua kwa njano, na mama hakununua tena kanga yenye rangi ile.

Mara ya kwanza kuonyeshwa ghalani, watu walishangilia kila sura waliyoitambua. Petro alipotokea waliita jina la baba, naye akajinyoosha gizani. Yuda alipotokea walizomea kwa furaha kubwa, na mjomba alizomea pamoja nao.

Kesho yake utani ukaanza. Tulikuwa kwenye msiba Lipangalala, wanaume wamezunguka sinia la wali na samaki kitoga wa mchuzi. Mjomba alipopeleka mkono, mtani mmoja akasema, "Ngojeni, Yuda anachovya." Mikono yote ikatoka kwenye sinia kwa pamoja. Mkono wake ukabaki peke yake. Walicheka mpaka machozi, na yeye akacheka, kwa sababu mtani hakasirikiwi; ukikasirika umempa kuni. Lakini mchezo ule ulirudi kwenye kila sinia aliloketi, hadi akaanza kula kwetu, jikoni, na mama na sisi watoto. Njiani wenzangu walimwimbia kwamba nyuma yake kuna kamba inayoburuzika. Aligeuka kila mara kutazama, ili wafurahi.

Sasa mjue kilichokuwa hatarini. Mjomba alikuwa amechelewa kuoa. Alikuwa amejenga nyumba ya vyumba viwili, ametia mlango wa mbao, na amechumbia msichana wa Mofu aitwaye Kandida. Baba ndiye aliyekuwa mshenga. Ndoa ilikuwa imeanza kutangazwa kanisani kama desturi yetu, Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Mbili zilikuwa zimepita kimya. Ya tatu ilitakiwa kusomwa Mofu, na ndiyo Jumapili aliyoichagua Padri kwenda kuonyesha picha zake huko.

Mto ulikuwa umefurika, na sanduku la bati halikuweza kufika Mofu ila kwa mtumbwi. Mjomba alililaza katikati, akalifunga turubai kama mtoto mchanga. Mtumbwi ulitubeba sisi watatu, mjomba, baba na mimi, pamoja na Padri na katekista. Mimi nilichukuliwa ili nikamsalimie shangazi. Njia nzima mjomba alisukuma pondo na kupiga mluzi. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi.

Kule Mofu waliziba madirisha ya kanisa kwa majamvi. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Kandida alikaa mbele yangu, pembeni ya bibi yake, mwanamke mfupi aliyelea wajukuu wote wa nyumba ile na ambaye bila yeye hakuna neno lililopita. Busu la Yuda lilipotokea, Kandida alicheka. Aliona kile nilichokijua mimi, ule mdomo unaopigana na chafya. Alicheka peke yake katika kanisa zima, na bibi akamfinya paja.

"Tazama anavyotabasamu," bibi akasema kwa sauti ya kusikika. "Anamuuza huku anatabasamu."

Kisha ikaja kamba.

Jua lilipozama tuliitwa nyumbani kwao. Mjomba aliachwa nje kwa heshima, kama inavyompasa mchumba. Mimi nilikaa nyuma ya baba, karibu na moto.

"Mshenga," bibi alianza, "mimi si mtoto. Najua hakuna aliyekufa pale, na kamba ile haikumkaza mtu. Nijibu jambo moja tu. Watu wa Ifakara wanaungama kwa nani?"

"Kwa Padri," baba akasema.

"Wote?"

"Wote, bibi."

"Basi. Anayeijua mizigo ya wote ndiye aliyechagua nani abebe ule wa Yuda. Alimchaguaje huyu?"

Baba alikuwepo. Alikuwa wa kwanza kuombwa. Ilimtosha kusema hivyo, lakini Mofu nzima ilikuwa imeshaanza kumwita Petro, na kina mama walikuwa wamemtandikia mkeka wake peke yake. Alichukua kijiti akasukuma kuni.

"Sikuwepo alipochaguliwa," akasema.

Mimi nikasema. Watoto hawakusema mbele ya wakubwa, lakini nilisema: "Mjomba alijitolea mwenyewe. Watu walinyamaza, yeye akainua mkono."

Bibi alinitazama kwa upole, na upole ule ndio ninaoukumbuka.

"Mjukuu wangu," akasema, "na ni nani anajitolea kuwa Yuda, kama halimhusu?"

Wazee wakaguna kukubali. Nikaelewa, hata kwa akili ya miaka tisa, kwamba hakukuwa na mlango wa kutokea. Kama amechaguliwa, Padri anajua. Kama amejitolea, anajijua.

Asubuhi, kabla ya misa, bibi alimfuata Padri mlangoni mwa kanisa, watu wote wakiona. Mjomba alikuwa hatua chache nyuma na shati lake la pasi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, mama."

"Baba Padri, tunatoa mtoto wetu. Kuna jambo juu ya kijana huyu sisi hatulijui?"

Padri alimtazama bibi, akamtazama mjomba, akaangalia na watu waliokuwa wamesimama wakisubiri. Akainua kidole.

"Mama, mambo ya maungamo ya mtu siwezi kuyasema. Hata nikikatwa kichwa."

Bibi hakuwa ameuliza maungamo. Lakini watu walivuta pumzi, na nilisikia mmoja nyuma yangu akinong'ona, "Kumbe lipo." Mjomba angesema nini? Mtu hawezi kumlazimisha padri ataje dhambi ambazo hazipo.

Tangazo la tatu halikusomwa. Mahubiri ya siku ile yalihusu busu. Baada ya misa foleni ya maungamo ilizunguka kanisa, watu waliokuwa hawajaungama tangu Krismasi, na Padri alikaa kitini mpaka jua likapita utosini. Katekista, aliyekuwa akifunga vioo ndani ya pamba, alitikisa kichwa kwa kustaajabu. "Picha ile moja," akamwambia baba, "imefanya kazi kuliko mahubiri yangu yote."

Kandida hakuja mtoni kutuaga. Mjomba alilaza sanduku katikati ya mtumbwi, akalifunga turubai vilevile kama alivyolifunga wakati wa kuja, akatusukuma hadi nyumbani. Hakupiga mluzi. Katikati ya mto baba alimwambia, "Shemeji, wanawake wako wengi." Mjomba akajibu, "Inama kidogo, Petro, kuna tawi."

Hakumwita baba jina lingine tena maisha yake yote.

Kandida aliolewa baada ya mavuno na mtu wa Mofu hukohuko. Mjomba hakuchumbia tena. Kila kijiji alikotaka kubisha, sanduku la bati lilikuwa limetangulia. Watoto ambao hawajawahi kumwona walimkimbia kivukoni wakimwita kwa jina lile. Na kila Kwaresima alikwenda ghalani, akakaa benchi la mbele. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nisipokwenda, watasema naogopa kujiona."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Padri alifungwa na kiapo chake. Nilimhurumia hata yeye. Kisha nikapelekwa shule ya masista, na siku moja katika somo la dini tulifundishwa siri ya maungamo: inafunika yale tu yaliyosemwa kwenye maungamo, kwa padri, ili kuondolewa dhambi. Mengine yote padri ni mtu kama watu. Nilibaki na kalamu hewani. Uani hakukuwa na maungamo. Kulikuwa na jua, na watu walionyamaza. Padri alihitaji maneno machache tu, "Alinisaidia nilipokosa mtu," na alikuwa na ruhusa ya mbingu na nchi kuyasema. Aliwatazama watu waliosubiri mlangoni, akaona wanaogopa, na hofu ile ilikuwa na kazi. Na baba yangu pia alikuwa ameona kazi ya mkeka wake. Mtu mmoja alitumika kama kipande cha kioo, akapitishwa kwenye mwanga ili wengine waone vizuri.

Mjomba alikufa mwenye nyumba ya vyumba viwili, kimoja hakikuwahi kulaliwa.

Sasa turudi kwenye projekta ya vijana wetu. Baada ya nyimbo walitutangazia zawadi: walikuwa wamepata vioo vya kale katika stoo ya parokia, wakavipiga picha upya ili wazee tufurahi. Petro akatokea ukutani, kipara kinang'aa. Kisha, mkubwa kama ukuta, wa njano, na pembe ya mdomo imepanda juu, mjomba wangu.

Kanisa likacheka. "Yuda anacheka," kijana mmoja akasema kwenye kipaza sauti.

Msichana aliyekaa karibu nami na simu yake aliniinamia. "Shikamoo, bibi. Huyu Yuda alikuwa nani?"

"Marahaba. Alikuwa mjomba wangu, Severini. Ndevu zilikuwa za sufi. Zilikuwa zinamwasha."

Aliitikia vizuri, kwa adabu. Kisha akageuka upande wa pili, akamnong'oneza mwenzake, naye akamnong'oneza mwingine, nikayaona maneno yakitembea benchi kwa benchi hadi mlangoni. Misa ilipokwisha watoto wadogo walikuwa wamejipanga kwenye ngazi kuniangalia. Nilishuka polepole, nimeshika fimbo yangu. Nyuma yangu mmoja wao akaanza kuimba juu ya kamba inayoburuzika, kwa sauti ileile tuliyoiimba sisi, na sijui nani alimfundisha.

Niligeuka kutazama, ili wafurahi.