Mjumbe Katika Mtaa wa Wajapani

Kikao kilifanyika kwa dada yangu mkubwa, Magomeni, na kama vikao vyote vya ukoo wetu kilianza kwa dua kikamalizika kwa kunitwisha mimi mzigo. Mke wangu alikuwa ametimiza miaka sita akiishi Guangzhou, China. Alikwenda kwa wiki mbili kununua vitambaa vya duka lake la Kariakoo, wiki mbili zikawa miezi, miezi ikawa miaka, na sasa yeye ndiye anayewanunulia wenzake na kuwasafirishia mizigo, nyumbani anakuja mara moja kwa mwaka kama mtumishi aliyepewa likizo. Ukoo ukaamua imetosha. Mimi, mwalimu mstaafu wa jiografia, niliyefundisha habari za China miaka thelathini bila kuiona, nikateuliwa kwenda kumrudisha. Kaka yake akaniusia, "Usimlazimishe, shemeji. Mwambie kwa upole. Mwanamke akiambiwa kwa upole anaelewa." Mtu huyo ameachana na wake wawili.

Nilipewa viza ya wiki tatu. Wiki mbili na siku sita zikapita sijasema neno. Si woga, nilijiambia, natafuta wakati unaofaa. Wakati huo haukupatikana Zhongda, kwenye soko la vitambaa, kwa sababu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe langu lilikuwa ncha ya futi ya kupimia. Nilishika ncha, yeye akashika upande wa pili, huku akigombana kwa Kichina na wenye maduka ambao dakika tano baadaye walimmiminia chai. Haukupatikana pia Xiaobei, anakoishi, kwa kuwa huko hatukuweza kwenda hatua kumi bila mtu kumsimamisha. Mzanzibari anauliza kago yake imetoka lini. Mkongomani anapaza sauti ng'ambo ya barabara, "Maman, na bitambala yangu je?" Mimi nilitambulishwa kuwa ndiye mzee wake, wakanipa pole ya safari, kisha wakarudi kwenye mambo ya maana.

Ikabaki siku moja. Asubuhi yake aliweka simu mbili kwenye droo, akabaki na moja.

"Leo sifanyi kazi," akasema. "Nakupeleka kwa Wajapani."

"Wajapani wa wapi tena? Si tuko China?"

"Wana mtaa wao, upande wa Tianhe. Huko hakuna anayenitafuta."

Nilifurahi sana. Mahali ambapo mke hatafutwi, mume anaweza kumaliza sentensi. Nikavaa shati langu la vikao.

Mtaa wenyewe ni vichochoro vitatu vinne nyuma ya maghorofa ya ofisi, visafi mpaka mtu unaona haya kukohoa. Kila mlango una vitambaa vifupi vinavyoning'inia, vimechorwa maandishi makubwa, na havizuii jua wala inzi. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuyatazama maandishi hayo kwa heshima, mke wangu akashika pindo, akalisugua kwa vidole viwili. "Pamba na polista," akasema. "Hii imetoka Zhongda." Basi Ujapani wangu ukaishia hapo. Mbele kidogo kulikuwa na mkahawa ulioweka vyakula dirishani: bakuli za tambi, kamba waliokaangwa, yai lililokatwa katikati na kiini chake kikitaka kumwagika, vyote vya plastiki. Nikamwambia, mtu akiweka ubwabwa wa plastiki dirishani pale Kariakoo, jioni hiyo hiyo ataitwa mchawi. Alicheka mpaka akajishikiza begani kwangu, na mimi nikajiambia, haya, sema sasa.

"Unaonekana umechoka, mke wangu."

"Mimi? Sijachoka. Kwani miguu inakuuma?"

Nikasema kidogo. Tukaingia duka lililokuwa karibu ili mimi nipumzike.

Niieleze mbinu yangu, maana niliiona ya kiakili. Sikutaka kumwomba arudi. Nilitaka aseme mwenyewe kwamba amechoka, hapo mimi nimwambie basi mama, twende nyumbani. Hivyo ningekuwa mume aliyemsikiliza mkewe, si mume aliyetumwa na dada zake.

Duka lilikuwa la vyombo. Alipenda bakuli moja la bluu, nami nikaona ni nafasi ya kuonyesha kwamba wiki tatu hazikupotea bure. Nikamgeukia binti wa duka na kumpa neno la Kichina ambalo mke wangu hulisema tangu asubuhi mpaka jioni: "Tai gui le!" Ghali mno! Binti akainama. Nikarudia kwa ukali zaidi. Akainama zaidi. Kule Zhongda ukifika hapo mnapokezana kikokotoo, huyu anabonyeza bei yake na yule anabonyeza yake, mpaka mmoja ashindwe. Nikamwonyesha kwa vidole kwamba nataka kikokotoo. Uso wake ukang'aa, akakimbilia ndani, akarudi na kikokotoo kipya ndani ya boksi lake, kimebandikwa bei. Kilikuwa ghali kuliko bakuli. Mke wangu alikuwa ameegemea rafu, machozi yanamtoka. Kisha akalipia bakuli bei ile ile iliyoandikwa, kimya.

Hilo liliniudhi. "Juzi umegombana nusu saa kwa senti za mita moja ya kitambaa, leo unalipa kama mtalii?"

"Kule nagombana kwa sababu ni kazi. Sasa mtu agombane mpaka lini?"

"Eeh," nikasema upesi, kwa ile sauti yangu ya darasani. "Mpaka lini?"

Alinitazama kidogo. "Twende tukale," akasema.

Mkahawa aliouchagua ulikuwa mdogo, hauna dirisha la plastiki. Mwenyewe ni mama wa makamo, Mchina wa Hunan aliyejifunzia upishi Osaka. Mjapani pekee tuliyemwona mchana ule, kwa maelezo ya mke wangu, alikuwa kwenye foleni ya kuku wa kukaanga. Tulipoingia tu, mama yule akatabasamu, na bila kuuliza akaweka vijiti jozi moja na kikombe kimoja mwisho wa meza ndefu, penye kiti kinachotazama ukuta. Mke wangu akainua vidole viwili. Mama akashangaa, akaniangalia mimi, akasema maneno mengi.

"Anasemaje?"

"Anasema hakujua kama nina mume."

"Hukumwambia?"

"Hakuuliza."

Tukahamishiwa meza ya watu wawili. Akaagiza kibua wa kuchoma kwa chumvi na wali, na mama mwenyewe akaashiria kwa mikono kwamba hatatia mchuzi wao wenye pombe. Alikuwa anajua. Alijua kila kitu, isipokuwa mimi.

"Unakuja hapa mara nyingi?"

"Kila Jumapili."

Kila Jumapili nilimpigia simu, na kila Jumapili aliniambia amekula na wenzake Xiaobei, biriani, vicheko, wamekaa mpaka wamechoka kukaa. Nilimwuliza kwa nini alinidanganya. "Ningekuambia nakula peke yangu ningekupa nini, zaidi ya kukosa usingizi?"

Naona haya kuliandika hili, lakini nilifurahi. Mke wangu alikuwa mpweke, na upweke ulikuwa hoja. Nikaiweka sawa kola yangu, nikamsomea hotuba niliyoiandaa tangu ndani ya ndege: umri, afya, ukoo, nyumba isiyo na mwenyewe, na mwisho, kwa upole kama nilivyousiwa, "Mke wangu, rudi nyumbani."

Alisikiliza yote. Alikuwa anamtoa samaki miba na kuweka minofu upande wangu wa sahani.

"Nilijua tangu uwanja wa ndege," akasema. "Mtu anatoka Dar na mabegi mawili makubwa matupu, wiki tatu haulizi bei ya hata soksi. Ulikuja kunifungasha."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisubiri uniulize kitu. Siku ishirini unaniambia nimechoka, nimekonda, nimezeeka. Hujaniuliza." Akaweka vijiti chini. "Mimi nakuuliza. Watoto wana nyumba zao. Wewe umestaafu. Unacheza drafti, unanipigia kuniambia umemfunga nani. Kaa huku na mimi. Miezi sita tu, halafu tuone. Nakuomba."

Katika kikao chote kile, cha watu wazima kumi na wawili, hakuna aliyelifikiria hilo. Nami sikulifikiria. Nilisema kitu cha kwanza kilichonijia: "Nikae huku nifanye nini?"

"Hata mimi nilijiuliza hivyo mwaka wa kwanza. Hakuna aliyenijibu, nikatafuta jibu mwenyewe."

Nikamweleza habari za paa linalovuja, kliniki yangu ya presha, kamati ya msikiti, lugha, viza. Yote yalikuwa kweli. Aliitikia moja baada ya jingine, na nilingoja anibishie. Nilitaka anibishie. Hakubisha hata moja.

"Sawa," akasema, akaagiza chai.

Kesho yake alinisindikiza uwanja wa ndege, akayajaza yale mabegi zawadi za wajukuu, akanikumbusha dawa zangu. Nilimbusu mkono nikapita kwa askari wa pasipoti, na nilipogeuka alikuwa bado amesimama, ameshika simu moja tu.

Dar ndugu walikuja kunipokea kwa gari mbili, ili tuenee sote pamoja na yeye. Walitazama nyuma yangu, kisha wakanitazama mimi.

"Yuko wapi?"

"Amekataa," nikasema.

Wakamlaani kidogo, wakanipa pole nyingi, na mpaka leo ukoo mzima unanihurumia kwa mke aliyekataa. Hakukataa. Yeye hakuombwa, aliambiwa tu. Aliyeombwa nilikuwa mimi.